Inchi Mbili za Shangazi

Nianze na hili ili tusije tukagombana huko mbele: mimi ni fundi. Si fundi wa kubahatisha, wala si fundi wa kutia viraka na kubadilisha zipu. Nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanamke aliyerudi dukani kwangu akasema nguo imemkataa. Wateja wanakuja kutoka mbali. Wanampita fundi wa ng'ambo ya barabara amekaa anapiga miayo, wanavuka, wanaingia kwangu. Sababu wanaisema wenyewe. Yule akimpima mtu nyonga anamwambia arobaini na nne, na mtu huyohuyo akija kwangu ni arobaini na moja na nusu. Mimi siku zote nilijua yule bwana ana roho mbaya, anawaongezea wanawake mwili kwa wivu tu.

Kwa hiyo binti wa marehemu kaka yangu alipopata mchumba huko ugenini alikokwenda kufanya kazi, suala la nani atashona gauni halikuwa na mjadala. Yeye alijaribu kuuleta huo mjadala. Alinipigia simu akaanza kuzungukazunguka: "Shangazi, huku kuna duka wanakodisha magauni, mazuri tu, unavaa siku moja unarudisha." Nikamuuliza kama amejigonga kichwa mahali. Mtoto nimemlea tangu ana miaka sita, baba yake alipofariki, nimemshonea kila kitu kuanzia sare ya darasa la kwanza, leo avae gauni lililokwisha kutolewa jasho na watu wengine? Nikamwambia akapimwe anitumie vipimo, na maneno mengine ayaweke akiba. Akapimwa na dada wa duka hilohilo, akanisomea kwenye simu, nikaandika kwenye daftari langu: kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane, urefu hamsini na nane. Nikasema alaa, huko mtoto anakula, maana alipoondoka kifua kilikuwa thelathini na nne.

Nilisafiri siku mbili na gauni mapajani. Sikuliweka juu, sikuliweka chini, na bibi mmoja aliyetaka kuliegemea alinikoma. Jioni nikafika, nikapokewa na mchumba mwenyewe, kijana mrefu, mpole, mwenye masikio ya kutosha. Lugha yetu alikuwa anajua maneno mawili, "shikamoo" na "asante", akawa anayatumia kwa zamu mpaka tukafika nyumbani kwa binti yetu, ambaye mimi namwita mwanangu. Mwanangu mwenyewe hakuwepo. Anafanya kazi maabara ya hospitali, na usiku huo alikuwa zamu ili apate siku tatu za mapumziko baada ya harusi.

Harusi ilikuwa saa tano asubuhi, ofisi ya msajili wa ndoa, na walikwisha kuambiwa waziwazi kwamba wakichelewa sana nafasi yao wanapewa wengine. Saa moja na nusu akarudi kutoka zamu, macho mekundu. Akaoga, akasimama katikati ya chumba chake cha ghorofa ya nne, mikono juu. Gauni lilikuwa la satini nyeupe, mabega wazi, limebana mpaka magotini. Nikamvalisha, nikafunga zipu, nikarudi nyuma hatua mbili ili nijisifu vizuri. Gauni likateremka lenyewe, polepole, likakaa kiunoni.

Tukatazamana.

"Labda zipu," akasema.

Haikuwa zipu. Nikalipandisha, nikaliachia, likashuka tena. Pindo nalo lilikuwa limelala sakafuni, analikanyaga kila upande. Nikavuta futi yangu shingoni, ile ya kitambaa niliyoanza nayo kazi, nikampima kifua. Thelathini na nne. Nikarudia, maana sipendi mtu aonewe. Thelathini na nne vilevile. Nikalilaza gauni kitandani nikalipima nalo: thelathini na sita, kama nilivyoandikishwa.

"Umekonda," nikamwambia.

"Sijakonda, Shangazi."

"Basi ulinidanganya vipimo."

"Nikudanganye ili iweje?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angenyamaza. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza napata moto. Nikamwambia najua ili iweje: alitaka la kukodi tangu mwanzo, akanipa vipimo vya uongo ili la kwangu likatae, maana anaona aibu kuvaa mshono wa shangazi yake mbele ya wakwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, "Shangazi, inawezekana umekosea wewe. Watu wanakosea."

Mimi, nikosee. Na futi hii hapa mkononi. Mdomo wangu ukatangulia, mimi mwenyewe nikawa nyuma, nikausikia unasema: "Baba yako angekuwa hai leo, angekuonea haya."

Hakulia. Bora angelia. Alivua gauni, akalikunja vizuri, akaliweka kitandani, akaingia bafuni na kufunga mlango. Nikasikia maji yamefunguliwa na hakuna anayenawa.

Nikakaa kitandani. Kaka yangu nimemzika kwa mikono yangu, na tangu hapo sikuwahi kumtaja kwa yule mtoto ila kwa wema: baba yako alikuwa anacheka hivi, baba yako alikuwa anapenda hiki. Leo nimemfukua siku ya harusi ya mwanawe nikamgeuza fimbo. Nilijua kabisa kwamba nimefanya vibaya. Lakini neno "samahani" mimi nilikuwa nalitumia nikitaka kupita katikati ya watu, basi. Ninachoweza ni kushona. Nikabeba gauni, nikachukua mkoba wenye daftari, mkasi, pini na futi, nikatoka kwenda kutafuta cherehani. Simu niliiacha kwenye chaji. Jina la mtaa sikulisoma. Viatu vyangu navyo niligundua mtaani kwamba nimeviacha, nimetoka na ndala za mwanangu.

Baada ya mitaa mitatu nikaelewa mambo mawili. La kwanza, maduka yalikuwa hayajafunguliwa. La pili, mlango niliotokea nisingeweza kuutambua tena, kwa sababu majengo yote yalifanana, ngazi kwa ngazi, dirisha kwa dirisha. Nikasimama kwenye kituo cha basi. Machozi yakaanza kunitoka bila kuniuliza, na mimi ni mtu ambaye sijawahi kulia hata siku nilipojishona kidole. Hebu nitazame nilivyokuwa: mwanamke wa miaka hamsini na minne, ndala miguuni, amekumbatia gauni la harusi, analia kituoni saa mbili na nusu asubuhi.

Watu walikuwa kama saba. Wote wakageuka. Mmoja wao, mama mnene wa rika langu, mwenye kofia ya sufu ya rangi ya machungwa, akanijia moja kwa moja. Nitamwita Mama Kofia, maana jina lake mpaka leo linanishinda kulitamka. Akasema jambo kwa lugha yao. Nikamjibu kwa yangu. Tukaendelea hivyo, kila mtu na lake, na hatukukosana hata mara moja.

Akaligusa gauni, akaninyooshea kidole: ni lako? Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo langu, nani mwingine angeweza mishono ile? Akakishika kidole changu cha pete, akakitazama kilivyo kitupu, kwa sababu pete inanasa kitambaa na marehemu mume wangu hajali tena. Akanyanyua nyusi na kutazama huku na huku: yuko wapi? Nikajua anamuuliza mwenye harusi. Nikaonesha kwa mkono kule nyuma, mbali, nikatikisa kichwa kwamba mambo yameharibika, na machozi yakazidi. Mama Kofia akajipiga paja. Akawageukia wale wa kituoni akawaeleza kitu kirefu, cha hasira, na wao wakaguna kwa pamoja. Mzee mmoja akavua kofia. Dada mmoja akanipa pakiti nzima ya karatasi za kufutia machozi. Bwana wa mkoba wa ofisini akanikabidhi mkate aliokuwa ameanza kuula. Basi likaja, likaondoka, na wote wamebaki. Nikasema moyoni, kumbe huku wanajua uzito wa fundi aliyekwama.

Lakini cherehani ilikuwa bado. Nikazungusha gurudumu hewani kwa mkono wa kulia na kukanyaga chini kwa miguu. Mzee akanionesha baiskeli iliyoegeshwa. Nikarudia, na dada wa karatasi akaanza kupiga makofi, akidhani ni ngoma. Basi nikatoa pini, nikalibana gauni ubavuni, nikachora mshono kwa kidole kutoka kwapani mpaka kiunoni. Mama Kofia akaelewa. Uso ukamchanua kwa furaha ambayo, ukiniuliza, ilizidi kiasi cha kupunguza nguo. Akanishika mkono akaniburuta.

Alinipeleka uani kwenye gereji moja, kwa fundi anayeshona viti vya magari. Viti vilikuwa vimetapakaa kila mahali, vingine vimevuliwa ngozi na sponji iko nje. Fundi mwenyewe alikuwa jitu la watu, kipara, mikono imejaa alama za sindano. Mama Kofia akamsimulia. Fundi Viti akasikiliza, akanitazama kwa huruma nzito, akaisemesha sakafu neno moja, kisha akaenda kunawa. Akanawa mpaka viwiko, kwa sabuni, mara mbili. Hapo nikampenda. Mtu anayenawa mara mbili kabla ya kushika satini ni mwenzangu, awe amezaliwa wapi.

Cherehani yake lakini ilikuwa dubwana. Inatoboa ngozi ya ng'ombe, na sindano yake ungeweza kutundikia koti. Nikamwonesha kwa kidole kwamba satini ikitobolewa tundu halifutiki, kwa hiyo hapa hakuna kushona, kufumua na kurudia. Hakuhitaji lugha. Akapekua makopo matano mpaka akapata sindano nyembamba, akaifunga, akaijaribu kwenye kipande cha bitana nilichokata kwa ndani. Ikapita vizuri. Sasa uzi. Alikuwa na mweusi, wa kahawia na mwekundu wa gari la mtu mwenye fedha zake. Mama Kofia akanyanyua kidole tumsubiri, akatoka, na tukamsikia anagonga milango ya ghorofa zote zilizokuwa juu yetu. Alirudi na nyuzi nyeupe nane. Nyuma yake walikuwepo wenye nyuzi wenyewe, wanawake wawili na mzee mmoja aliyevaa pajama, kila mtu akitaka wake ndio utumike. Kulikuwa na nyeupe ya maziwa, nyeupe ya chaki, na nyeupe ya meno ya mvuta sigara. Nikachukua ya chaki, ya yule mzee. Akawatazama wenzake kama aliyeshinda uchaguzi, na hakuna aliyerudi kwake. Walivuta viti vya magari wakakaa kutazama.

Nikafungua daftari nikamwonesha Fundi Viti tarakimu. Nikalilaza gauni mezani, nikaweka futi yangu juu yake: thelathini na sita kamili. Nikamtikisia kichwa, kwamba unaona mwenyewe, upande wangu ni safi. Yeye hakuwa anatazama gauni. Alikuwa anaitazama futi. Akainama, akaivuta kidogo kwa vidole viwili, akaiachia. Kisha akachomoa futi yake ya chuma, akailaza sambamba na yangu, sifuri kwa sifuri.

Mwanzoni zilikwenda pamoja. Kwenye kumi yake, yangu ilikuwa haijafika kumi. Kwenye thelathini na sita yake, yangu inasema thelathini na nne. Tulipofika mwisho, sitini yangu ilikuwa imeipita sitini yake kwa vidole vinne vya mkono wake, na mkono wake si mdogo.

Nikamwambia chuma chake kimesinyaa. Akanielewa kwa macho tu, akaenda kuleta nyingine. Nikaikataa. Akaangua rula ya mbao ukutani. Mmoja wa wale wanawake akapanda kwake mbio akaja na futi yake ya nyumbani. Zote zikasema kitu kimoja, na futi yangu ikabaki peke yake pale mezani, imechakaa, laini, ndefu, haina hata shahidi mmoja.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva kilichokuwa karibu. Miaka ishirini na minane ninaivuta, ninaitolea jasho, ninaipitishia pasi ikijikunja, na yenyewe inarefuka kidogokidogo bila kusema. Na dukani haikuwahi kuniumbua, kwa sababu futi ileile iliyompima mtu ndiyo iliyopima kitambaa, ikikosea inakosea kote kuwili, nguo inakaa. Wateja wangu wote nao, Mungu wangu, wale waliokuwa wanatoka kwangu wamepungua nyonga, wanatembea kwa maringo. Na yule bwana wa ng'ambo ya barabara, miaka yote hiyo, alikuwa anawapa watu nyonga zao za haki.

Lakini haya nilikuja kuyawaza baadaye. Wakati ule nilikuwa nawaza mtu mmoja. Thelathini na sita ilikuwa thelathini na sita. Hakukonda. Hakudanganya. Alisimama mbele yangu mikono juu, baada ya kukesha kazini, akaniambia ukweli mara tatu, na mimi nikamwambia lile neno la baba yake. Mama Kofia akanishika bega, akanipa chai kwenye kikombe kilichoandikwa jina la mafuta ya magari.

Na ili gauni litengenezwe nilitakiwa kufanya jambo lilelile nililokataa kulifanya asubuhi. Mwili wa kupima haukuwepo. Kulikuwa na tarakimu tatu alizonisomea mwenyewe kwenye simu, na futi ya mtu mwingine. Nikazifuata tarakimu zake bila kuongeza wala kupunguza hata nukta. Nikachora kwa chaki, nikabana. Fundi Viti akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja, jingine, pole kabisa, na mimi ninaongoza kitambaa chini ya sindano. Mishono mitano mirefu. Mzee wa pajama alikuwa anautazama uzi wake kama anavyotazamwa mtoto anayevuka barabara.

Tulipomaliza mshono wa tano nikatazama saa ya ukutani: saa nne na dakika thelathini na tano. Nikaruka. Nikawaonesha saa, nikaweka kidole penye saa tano. Nikavileta vidole vyangu viwili pamoja, vikae ubavu kwa ubavu: wanaoana. Mama Kofia akavitazama vidole, akatazama saa, akatazama gauni, akanitazama mimi, akashika mdomo. Akamwambia Fundi Viti kitu. Fundi Viti akazima taa ya cherehani, na taya likamkaza kwa namna ambayo mimi niliipokea kama ari ya kazi. Pindo lilikuwa bado limeshikwa na pini upande mmoja, lakini hawakutaka kusikia. Akachukua ufunguo wa gari.

Nilisafirishwa nyuma ya gari la mizigo nimekaa kwenye kiti kisichofungwa popote, ambacho kila tukikata kona kinanipeleka kwa Mama Kofia, na tukikata nyingine kinamleta yeye kwangu. Gauni tulilishika katikati kama mgonjwa. Wenye nyuzi walikuwemo pia, hawakuuliza mtu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mji mzima una ofisi moja tu ya ndoa, kwa hiyo hata wasingeniuliza wangenifikisha.

Tukaingia ndani saa tano na dakika kumi. Ukumbini kwa mbali nilimwona mwanangu, amevaa kile kigauni chake cha bluu cha kuendea usaili, amesimama na mchumba wake mbele ya karani aliyekuwa anagonga faili kwa kalamu. Baadaye nilijua alikuwa amemwambia karani kwamba bila shangazi yake hafungi ndoa, wapeni wengine nafasi. Mama Kofia akamwona kijana ana suti na ua kifuani. Akageuka akaniuliza kwa macho: ndiye huyu? Nikaitikia kwa kichwa. Ndiye, bwana harusi.

Mama Kofia akamwendea akamkamata tai.

Alimpa hotuba pale pale. Mate yalimruka, kofia ikamlalia upande. Fundi Viti akasimama nyuma yake amekunja mikono, na wenye nyuzi wakaziba njia ya kutokea. Ndugu wa bwana harusi walishikwa na butwaa. Kijana wa watu akawa anatweta tu, macho yanatafuta msaada, mpaka yakaniona mimi juu ya ile kofia.

"Shikamoo, Shangazi," akasema kwa sauti iliyobanwa.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.

Mwanangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Shangazi," akasema, "huyu mama ni nani? Anasema mwanamume gani asiye na haya anamtelekeza mwanamke mtu mzima kituo cha basi na gauni lake mkononi, halafu anakuja kuoa kitoto."

"Mwanamke gani huyo?"

"Wewe."

Nikalitazama gauni mikononi mwangu.

"Anasema kazi yote wameacha ili wakupunguzie gauni, ulivae, uje umwoneshe alichokikosa."

Akawaeleza kwa lugha yao, huku anacheka na machozi yanamtoka, na sikujua machozi yale ni ya kicheko au ya asubuhi. Mama Kofia akaiachia tai. Akainyoosha vizuri, akampapasa kijana mashavu, lakini niliona kabisa amesikitika. Alikuwa amekuja amejiandaa. Karani akasema kitu, mwanangu akanitafsiria: dakika kumi, hazizidi.

Chumba pekee kilichokuwa wazi ni kile wanachowekea mafagio. Nikamvalisha humo. Nikafunga zipu, nikarudi nyuma hatua moja, maana mbili hazikuwepo. Gauni likabaki pale lilipowekwa. Lilikaa kifuani, likakaa kiunoni, likashuka mpaka chini bila kumdanganya mtu. Nikapiga magoti nimalizie pindo, pini zikiwa mdomoni, na pini mdomoni ni kisingizio kizuri sana cha kutosema. Nikazitoa.

"Vipimo vyako vilikuwa sawa," nikasema. "Futi yangu ndiyo mbovu. Nimekosa mimi."

Nikasikia juu yangu: "Sema tena."

"Usinizoee."

"Sema tena, Shangazi."

"Nimekosa mimi."

"Gauni nimekusamehe," akasema. "Ila unajua kwa nini nilitaka la kukodi? Harusi zote nilizokwenda na wewe tangu mdogo, wewe uko chumba cha nyuma umepiga magoti hivyohivyo. Watu wakishangilia wewe unauliza, tayari? Nilitaka mara moja tu uingie kwa mlango wa mbele, ukae, utazame. Sasa ona ulipo."

Nikatazama nilipo. Kushoto kwangu kulikuwa na ndoo. Niliendelea kushona, kwa sababu mikono ikisimama ningeshindwa kusema lililobaki.

"Na lile la baba yako," nikasema, na sauti ikanitoka ndogo kama si yangu. "Lilikuwa uongo. Angekuona leo angelia mbele ya watu, asijali. Mimi ndiye ambaye angenionea haya."

Akageukia upande wa mafagio. Akakaa hivyo muda, mabega wazi yanapanda na kushuka, na mimi nikakata uzi.

"Hilo bado linauma," akasema. "Nipe mpaka jioni."

"Haya," nikasema. "Mpaka jioni."

Sikumlaumu. Nilikuwa nimempa jeraha asubuhi ileile, na kupona si jambo la kuharakishwa na mtu aliyelitia. Nilijifuta uso, nikamfuta na yeye, nikafungua mlango.

Karani alikuwa amefungua ukumbi. Ndugu wa bwana harusi walijaa upande mmoja. Upande wetu, ambao ulikuwa uwe wangu peke yangu, kofia ya machungwa ilikuwa imeshakaa mstari wa mbele, Fundi Viti pembeni yake, na mzee wa pajama anawaonesha watu asiowajua kwamba uzi ni wake. Mpango ulikuwa bibi harusi aingie peke yake. Aliusema mwenyewe kwenye simu miezi mitatu nyuma: baba hayupo, nitaingia peke yangu, na nisiulizwe zaidi. Kwa hiyo nikajibanza ukutani, nipite pembeni kimyakimya niende kukaa.

Mwanangu akapiga hatua moja akasimama. Hakugeuka. Akakunja mkono wa kushoto, akatoa kiwiko, akangoja.

Karani akakohoa. Mimi nikatazama nyuma nione anamngoja nani. Hapakuwa na mtu. Nikaenda nikakishika kile kiwiko kwa mikono miwili, tukaingia, na bwana harusi akatusimamia wima na tai yake iliyokunjamana. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano asubuhi. Jioni ilikuwa bado kabisa.